Gerlof Postmus, Ambaye Mashine Haikumsoma

Leo, Jumatatu tarehe 15 Aprili 2024, tunamzika Gerlof Postmus, mtoto wa kwanza wa Harmen na Froukje. Alizaliwa hapa kijijini Kollum, kaskazini mwa Uholanzi, tarehe 18 Novemba 1996, mzito kiasi kwamba mkunga alimpongeza baba yake kama aliyepata ndama wa maonyesho.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha akaenda Buitenpost kujifunza ufundi wa mashine. Alikuwa mnene tangu utotoni. Siku za kuzaliwa, wageni wakiwa wameketi duara na kahawa zao, shangazi yake alizoea kusema, "Gerlof mkatieni keki nyembamba, na sisi tupate." Yeye alicheka kuliko wote. Baba yake alisema ukoo wetu una mifupa minene, akirefuka atakonda.

Machi 2012, akiwa na miaka kumi na mitano, hospitali moja ilimwita pamoja na vijana wengine wanene, wapimwe kama ini limeingia mafuta na kukakamaa. Hakuna sindano wala kisu. Kichwa cha mashine kinawekwa katikati ya mbavu, kinagonga kidogo, namba inatoka. Kwa Gerlof kiligonga na kugonga, namba haikutoka. Muuguzi alikuwa mpole. Alimwambia Froukje, "Mama, msiposikia kitu kutoka kwetu, jueni yuko sawa."

Hawakusikia kitu. Froukje alitaka kupiga simu, Harmen akamzuia. Huku kwetu mtu hamsumbui daktari ambaye hajamwita, ataonekana anajikweza. Basi nyumba nzima ikaamini ini la Gerlof ni zima.

Tangu 2015 alifanya kazi kwenye karakana ya matrekta. Wakulima walimpenda kwa sababu alikuja hata Jumapili, na hakumcheka mtu aliyesahau kutia dizeli. Pombe hakunywa. Kwenye sikukuu ya kijiji yeye ndiye aliyewarudisha walevi majumbani, na baadhi yao wako hapa.

Mwaka 2021 alianza kuishi na Marrit Elzinga. Walikuwa wafunge ndoa tarehe 6 Septemba mwaka huu. Ukumbi waliouchagua ndio huo tutakaonywea kahawa tukitoka makaburini.

Novemba iliyopita alitapika damu kazini. Daktari alimuuliza kwanza anakunywa kiasi gani, kisha akamvuta Marrit pembeni akamuuliza tena. Mitaani nako yakasemwa. Walioyasema wanajijua. Froukje alipoeleza kwamba mwanawe alipimwa zamani na alikuwa mzima, daktari alitafuta kumbukumbu za kipimo kile kwenye kompyuta, akasema, "Mama, hakupimwa. Walitumia kichwa cha watu wembamba, hakikufika kwenye ini. Cha watu wanene kipo, lakini siku ile hawakuwa nacho." Hakuna aliyeomba radhi mpaka leo.

Ini lilikuwa limeshakuwa gumu. Alisubiri jingine, halikupatikana. Kitandani hakujililia. Alimsemea mdogo wake Sietske, mwenye miaka kumi na mitatu na umbo kama lake: "Mama, huyu msimngojee simu. Kaeni pale pale mpaka namba itoke." Alifariki Jumanne tarehe 9 Aprili, Marrit akiwa amemshika mkono.

Miadi ya Sietske ya kupimwa ini ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Jirani yetu Aukje, aliyekuja kusaidia shughuli za msiba, alishangaa. "Froukje, mwenzangu, mnatokaje leo? Marehemu yuko sebuleni."

Froukje alikuwa ameshavaa koti. "Yeye ndiye anayetutuma."

Hospitalini aliuliza kichwa kipi kinatumika. Wakamwambia cha watu wanene hakipo hapo, atapigiwa simu, akavuta kiti akakaa. Walimletea cha watu wanene kutoka wodi nyingine. Namba ilitoka. Si nzuri, lakini si ya kukata tamaa, na Sietske mwenyewe anaijua.

Gerlof ameacha wazazi wake, mchumba wake Marrit, bibi yake Tjitske, na mdogo wake Sietske, ambaye bado ana muda. Muda huo Gerlof alinyimwa. Apumzike kwa amani.