Mtaro Ulioshinda Kura

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na mtaa wetu wa Hay Essabbar, hapa Tunisia, ukabaki mkavu. Mwaka jana maji yaliingia hadi kwa Mongia, yule mjane mshonaji, yakamharibia cherehani na magauni mawili ya maharusi. Safari hii yalishuka kwenye mtaro mpya, yakaenda zake. Asubuhi hiyo, kwenye benchi la mkahawa wa Ammi Béchir, kahawa ilipoa kwa ubishi. Tulikuwa watatu: Profesa, ambaye ni tarishi mstaafu; Redio, ambaye ni kinyozi; na mimi, fundi viatu.

— Kuna mkubwa anahamia hapa, alisema Profesa. Manispaa haichimbi mtaro hivihivi.

— Mkubwa gani akubali kuwa jirani yako? Redio akamcheka. Ni Wataliano hao. Wanakuja kupiga sinema, hawataki matope.

— Sinema ya nini? Ya ndevu za wateja wako?

— Wote hamjui kitu, nikaropoka. Chini kuna mafuta. Mtaro ni danganya toto tu.

Profesa akajipiga paja.

— Ndiyo maana kila Alhamisi kulikuwa na watu shimoni na futi kamba! Mafuta, bwana!

Mongia alikuwa akipita na mkate wake wa moto. Akasimama.

— Asalaam aleikum, kaka zangu. Ule mkutano wa manispaa wa kuchagua mradi, nani kati yenu alikuja?

Redio akachungulia kikombe. Profesa akakohoa. Mimi nikainama kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba.

— Walitaka kutujengea chemchemi ya mapambo, akasema Mongia. Tukakataa. Tukamtoa injinia ofisini, tukamtembeza hadi kwangu, nikamwonyesha alama ya maji ukutani. Yalifika hapa, kifuani. Ndipo tukapiga kura. Wanawake sabini na mmoja, wanaume tisa. Na wale wa shimoni na futi kamba ni sisi, tulikuwa tunakagua kina.

— Hongera, Lella Mongia, nikamwita kwa heshima, na ilinitoka moyoni.

— Hongera kwetu sote. Jumamosi tunapigia kura taa za njia ya shule.

Profesa alikwishasimama.

— Saa ngapi?

— Saa nne. Wake zenu wanapajua, watawaonyesha mlango.