Bibi Gavana Akabidhi Mitambo

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, mhandisi wetu mkuu wa udhibiti atarudisha kofia yake ngumu stoo na kutia saini kwenye daftari la mlinzi kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia stesheni hii kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Mlinzi ameshaahidi kwamba siku hiyo hatampekua begi, ingawa wote tunajua humo ndani mna bisibisi tatu za ofisi.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, stesheni yetu ina mitambo mitatu midogo ya kufua umeme. Gesi inawaka, hewa ya moto inazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta. Kazi ya udhibiti ni kuhakikisha turbini inashika mwendo uleule, watu wawashe umeme mwingi au kidogo. Kifaa cha kushika mwendo huo mafundi hukiita gavana, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeviunda vyetu, jina likamganda: Bibi Gavana. Kuna mwaka mgeni kutoka makao makuu alimsikia karani akisema, "Gavana anakuja." Mgeni akasimama, akafunga vifungo vya koti na kuzima simu. Akaingia mwanamke mfupi mwenye grisi shavuni, akauliza ni nani kachukua tochi yake.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minane, mhandisi pekee mwanamke katika jengo lenye choo kimoja cha wanaume. Wiki ya kwanza alipewa meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi. Hakulalamika. Aliupimia kipande cha mbao, akakikata, akakipigilia, na meza hiyo mpaka leo haitikisiki. Nilikuja miaka sita baadaye kama fundi wa vipimo, nikawekewa kiti upande wa pili wa meza hiyo, kwa hiyo mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu. Yale ya kabla yangu nimesimuliwa na mama mkwe wake, ambaye huwa hakosei tarehe.

Na ni kwa huyo mama mkwe tunapaswa kuanzia. Mama huyo ni mshonaji, na wakati ule walikuwa wakiishi nyumba moja. Alikuwa ameachana na cherehani ya miguu na kununua ya umeme, akaijutia. Kila kiwanda cha mbao kilipowasha msumeno wake mkubwa, umeme wa mtaa mzima ulinywea kwa sekunde kadhaa, cherehani ikapunguza mwendo, kisha ikashtuka na kukimbia, na mshono ukaenda upande. Jumamosi moja alimwita mkwewe amwonyeshe kola tatu zilizoharibika.

"Huo mtambo wenu una nini?" aliuliza.

Bibi Gavana akamweleza kwamba mtambo haujui msumeno utawashwa lini. Unashtukizwa na mzigo, yaani umeme mwingi unaohitajika ghafla, mwendo unaanguka, ndipo unaongeza gesi, na huwa umeshachelewa.

"Sasa kwa nini hao wenye msumeno wasiuambie kwanza?"

Bibi Gavana aliichukua kola moja. Husimulia mwenyewe kwamba alisimama pale na kola mkononi mpaka chai ikapoa.

Miezi kumi na minne baadaye uvumbuzi wake wa kwanza ulikuwa kazini. Mtu wa kiwandani akibonyeza kitufe, msumeno hauwaki hapo hapo. Taarifa inapita kwenye waya hadi stesheni, kidhibiti kinauongezea mtambo gesi kidogo kidogo, na baada ya sekunde nne ndipo kinaruhusu mota ianze. Wapasua mbao walinung'unika mwanzoni kwamba sasa hata msumeno unapiga hodi. Jina likabaki hilo: Hodi. Kwenye cheti cha hataza, kile kinacholinda haki ya mvumbuzi, uvumbuzi huo una jina refu la kuchosha ambalo hakuna anayelikumbuka, ila chini yake kuna wavumbuzi wawili. Ofisi inayotoa vyeti hivyo iliandika barua kuuliza taaluma ya huyo wa pili. Bibi Gavana alijibu kwa mstari mmoja: "Mshonaji. Ndiye aliyeuliza swali."

Ningeweza kuendelea hivi, mafanikio baada ya mafanikio, na kila mtu akapiga makofi. Lakini mwenyewe ameniomba nisiuruke mwaka wa tisa, na nimemwahidi.

Mwaka huo alifunga kidhibiti kipya kwenye mtambo namba mbili. Aliyekuwa akiuendesha ni yule tuliyemwita Mzee Valvu, mtu aliyeweza kukuambia mtambo una tatizo gani akiwa bado getini. Alasiri moja mti uliangukia laini kubwa ya nje. Swichi kuu ikajifungua na kuikata laini, mzigo wote ukatoweka mara moja, na turbini, ikiwa haina cha kuizuia, ikaanza kukimbia. Kidhibiti kilipaswa kukata gesi. Hakikukata. Kilitegemea kihisi kimoja tu cha mwendo, na waya wa kihisi hicho ulikuwa umelegezwa na mtikisiko, kwa hiyo kikasoma kwamba turbini inapunguza mwendo, kikaongeza gesi. Kizuizi cha zamani cha springi, cha kuzima mtambo ukizidi mwendo, nacho kilikuwa kimekwama. Mzee Valvu alisikia sauti imebadilika, akakimbia hadi kwenye bomba la gesi na kuifunga valvu yake kwa mkono mtupu. Mtambo ukasimama. Ngozi ya kiganja chake cha kulia ilibaki kwenye gurudumu la valvu, lililokuwa la moto.

Meneja wa wakati ule, kwa nia njema, alishauri ripoti iseme "hitilafu ya kifaa." Bibi Gavana aliandika sentensi mbili za mwanzo kwa mkono wake: "Kosa ni langu. Nilikiamini kihisi kimoja." Kisha akaomba ahamishiwe chumba cha michoro, mbali na mitambo. Akahamishwa. Tukawa tunapishana naye koridoni, anaitikia salamu akitazama viatu.

Jumapili ya tatu, Mzee Valvu alimfuata nyumbani akiwa na mkewe, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Mama mkwe ndiye aliyefungua mlango.

"Karibuni, yumo," alisema. "Ila siku hizi haongei, anafua tu. Hata nguo safi anazifua."

Bibi Gavana alipomwona mgeni alianza kuomba radhi hapo hapo mlangoni. Mzee Valvu akamkatiza.

"Kwani kuungua mkono kumeniondolea utu uzima? Hata shikamoo sipati?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi daktari wangu anasema wiki tatu nitakuwa nimepona. Wewe wako amekuambiaje?"

Bibi Gavana akawavutia viti. Mzee akaketi, akauweka ule mkono juu ya mto.

"Nimeuendesha mtambo ule miaka kumi na tisa kwa masikio," alisema. "Masikio yamechoka, mwanangu. Ukijificha kwenye michoro wataniletea mtu mwingine na kisanduku kingine, na huyo hataandika kwamba kosa ni lake. Nitajuaje kama anaogopa? Wewe nakujua unaogopa. Mimi nataka anayeogopa."

Jumatatu asubuhi nilimkuta kwenye meza yetu, amefika kabla yangu. Alinisalimu, akanipa karatasi yenye vihisi vitatu vilivyochorwa kwa penseli, na kuniuliza kama ninajua namna ya kuvifunga visitikisike.

Huo ndio ukawa uvumbuzi wake mkubwa. Vihisi vitatu vinaupima mwendo kwa wakati mmoja, kila kimoja na waya wake. Viwili vikikubaliana, cha tatu hakisikilizwi tena, na taa inawaka kutuambia ni kipi kinachodanganya. Pia aliigeuza valvu ya gesi: badala ya kuhitaji umeme ili ifunge, inahitaji umeme ili ibaki wazi. Chochote kikikatika, inajifunga yenyewe. Ukielezwa leo unaona ni jambo la kawaida. Kwa mitambo midogo kama yetu, wakati ule, watu walisema ni gharama ya bure.

Ilibaki kuujaribu mfumo huo. Jaribio la kweli ni moja tu: kuupa mtambo mzigo wote, halafu kuukata ghafla. Ilichaguliwa Jumamosi asubuhi, kiwanda cha mbao kimefungwa. Mzigo ulitoka kwenye matangi ya maji yenye koili za kuchemshia. Bibi Gavana aliamuru kila mtu atoke kwenye ukumbi wa mitambo, tukabaki watatu chumba cha uendeshaji, nyuma ya kioo. Alitaka kuifungua swichi mwenyewe.

"Hapana," Mzee Valvu alisema. "Wewe tazama mshale. Ukishika swichi utafumba macho."

Akaifungua, kwa mkono uleule wenye kovu. Ukumbini sauti ilipanda kama mtu anayevuta pumzi. Mshale wa mwendo ulifika asilimia mia na tatu, mia na tano, mia na sita, ukasita. Kisha ukarudi mia na kutulia. Matangi yalikuwa bado yanatokota.

"Ndiyo hiyo?" mzee aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Na mimi asubuhi nilimuaga mke wangu kwa maneno mazuri sana. Sasa nikirudi ataniona mwongo."

Bibi Gavana alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi nilidhani analia, na huenda yalikuwa yote mawili.

Tangu siku hiyo, swichi kuu za mitambo yetu zimejifungua ghafla mara mia mbili na kumi na saba. Hakuna mtambo uliokimbia, na hakuna aliyeungua hata kidole. Mfumo huo sasa unatumika katika stesheni nyingine kumi na moja. Mzee Valvu alistaafu akiwa na vidole vyake vyote kumi, na katika sherehe yake alimpungia navyo Bibi Gavana kutoka jukwaani.

Tusimsifu kupita kiasi, maana atakuwepo na atasahihisha. Mwandiko wake ni mateso. Hawezi kuegesha gari bila kuelekezwa na watu wawili. Ukigonga kioo cha kipimo kwa kidole mbele yake, jiandae kwa mhadhara. Mumewe, mwalimu wa jiografia, anasema nyumbani pasi imeharibika mwaka wa pili huu na bado "iko kwenye mpango wa matengenezo." Binti zao wawili wamekimbilia mbali kabisa na mitambo: mmoja ni daktari wa meno, mwingine anafuga nyuki. Mama mkwe ana miaka themanini na minane, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, au ndivyo anavyodai, na ndiye aliyeshona gauni ambalo Bibi Gavana atalivaa Ijumaa.

Mwezi uliopita alianza kumkabidhi ofisi mhandisi atakayempokea, baba wa watoto wawili, mtu mpole anayezungumza kwa namba. Huyu bwana alikuwa amegundua kwamba zile dakika kumi na moja ambazo mtambo baridi hupashwa moto kabla ya kupewa mzigo, zilizowekwa na Bibi Gavana mwenyewe miaka mingi iliyopita, ni nyingi kuliko inavyohitajika. Saba zingetosha, na uchakavu wa vyuma ungepungua. Alilijua jambo hilo wiki tano na hakuthubutu kulisema. Hatimaye alimletea hesabu zake kwenye bahasha, kama mtu anayeleta barua ya posa.

Bibi Gavana aliipokea, akaenda nayo nyumbani. Siku mbili mwenzetu hakula chakula cha mchana kwa kungoja jibu. Siku ya tatu waliuwasha pamoja mtambo namba moja, wakahesabu dakika saba, wakaupa mzigo. Ukapokea bila hata kukohoa. Bibi Gavana alifungua daftari la marekebisho, akaifuta kumi na moja kwa mstari mmoja, akaandika saba. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, mwandiko wake ulisomeka: "Hesabu zake ni sahihi. Zangu zinastaafu pamoja nami."

Akampa kalamu, mwenzetu akatia saini chini yake.

Ahsante, Bibi Gavana, kwa kazi, kwa kicheko, na kwa kutuonyesha jinsi mtu anavyoandika kosa lake kwa herufi kubwa. Nenda kapumzike, ukaitengeneze ile pasi. Siku zako zilizo mbele ziwe nyepesi na zenye heri tele.