Kornelio Tluway na Mita ya Kuzidisha kwa Nne

Ndugu mliokuja kutusitiri, familia imeagiza yasomwe maisha ya Kornelio Tluway, pamoja na jambo moja ambalo yeye hakupewa nafasi ya kulisema.

Kornelio alizaliwa Rhotia tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tano wa mzee Tluway Sulle, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1977 hadi 1983, akajifunza ufundi umeme Arusha, kisha akarudi kutengeneza pampu za mashamba ya kahawa. Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Scholastika, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Lightness.

Mwaka 2009 aliajiriwa na kambi ya watalii upande wa Nainokanoka, atunze betri za sola. Mita ya mshale aliyoikuta iliishia ampia hamsini, na kambi ilipopanuka mita hiyo haikutosha, basi akaiwekea pembeni kipande cha chuma alichokipima kwa siku mbili, robo tatu ya umeme ipite humo na robo ipite kwenye mita, hivyo mshale ukionyesha arobaini ijulikane ni mia moja na sitini. Juu ya kioo akaandika "zidisha kwa 4" kwa rangi ya kucha ya mkewe, akawaonya wafanyakazi wasivuke arobaini kwani waya hazihimili zaidi ya hapo, na kwa miaka kumi hapakuungua hata waya mmoja.

Julai 2019, Kornelio akiwa likizo anavuna mahindi, meneja mpya alisema maandishi yale yanaiaibisha kambi mbele ya wageni, akamwamuru mhudumu Parsimei ayakwangue kwa wembe. Zikaongezwa friji tatu, mshale ukafika arobaini na nane, meneja akaridhika kuwa hamsini haijafika, kumbe ni mia moja tisini na mbili, waya zikayeyuka na chumba cha betri kikateketea.

Kornelio aliitwa toka shambani kuambiwa, "Wewe mzee uliichezea mita." Hakuulizwa swali hata moja. Alifukuzwa tarehe 2 Agosti, na maneno hayo yakamtangulia kwenye kila geti la hoteli Karatu, akabaki kutengeneza redio sokoni. Scholastika alikuwa akimwambia, "Baba Lightness, wanaokujua wanajua," naye akijibu, "Wanaoajiri hawajui."

Februari 2024 alipata kiharusi, akauguzwa mwaka mzima na zaidi, akafariki tarehe 9 Juni 2025 akiwa na miaka 57. Miezi mitatu kabla, Parsimei alikuja wodini akasema, "Mzee, ule wembe niliushika mimi." Leo ameketi na wafiwa, na ameridhia haya yasomwe.

Jana kambi ilileta shada lenye maneno "Fundi wetu mpendwa." Familia imelirudisha. Tunachotaka ni barua yenye sahihi na muhuri, ibandikwe kwenye mageti yale yale, ikiri kwamba mita ile ilisema kweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi na kuleta kuni, na mafundi wenzake ambao hawakuacha kumsalimu.

Kornelio, hesabu yako ilikuwa sahihi, pumzika kwa amani, barua tutaifuata sisi.