Sukari ya Kwenda Kilvarra

Kwenye basi la Harborne, huko Uingereza, mwaka wa 1971, nesi Mkenya aliyekaa mbele yangu alikuwa akimweleza Kalasinga mmoja, fundi wa makabati aliyehama kutoka Kisumu, kwamba likizo yake ataimalizia Kilvarra, kijiji kidogo cha pwani ya Ayalandi. Mwenzake wa wodini amemwalika kwao.

"Kuna nini huko?"

"Bahari, kanisa, na nyumba tupu. Zamani viazi vilioza, watu wakafa njaa, waliobaki wakapanda meli."

"Sista, mahali watu walikimbia, wewe ndipo unaenda kupumzika?"

"Wajukuu wao hurudi kila Agosti. Wanapiga picha kwenye zile nyumba, wanalia kidogo, halafu wanakula aiskrimu."

Nilitaka kuongeza kwamba huko pia mvua hainyamazi, lakini sikuulizwa.

"Umewabebea nini?"

"Sukari na majani ya chai. Siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Baadaye akasema, "Nyumba yetu ya Kisumu, sijui siku hizi anakaa nani."

"Si uende Agosti ukaone? Beba sukari."

"Nibebe sukari, nipige hodi kwangu?"

Basi likasimama mbele ya hospitali. Nesi akashuka na kikapu chake.