Asali Yote ya Katesh

JOAKIMU: Haloo! Nani mwenzangu? Namba ndefu hii—

HILARIA: Ni mimi, Hilaria. Shikamoo kaka.

JOAKIMU: Marahaba, mdogo wangu! India hamjambo? Chuo je? Unakula?

HILARIA: Hatujambo. Nipe Baba.

JOAKIMU: Baba... yuko machungani.

HILARIA: Machungani, na mguu ule? Juzi alikuwa kwa daktari wa macho. Kabla ya hapo amelala. Kila nikipiga hayupo!

JOAKIMU: Si unajua ukaidi wake. Enhe, mtihani lini?

HILARIA: Usinizungushe. Nani hao wanaimba?

JOAKIMU: Redio tu.

HILARIA: Redio gani inaimba Kidatoga chetu?

JOAKIMU: Haloo? Husikiki, huu mnara mpya—

HILARIA: Unanisikia sana! Mwamvita wa dukani kaniambia mmebeba asali yote ya Katesh, mkafuata nyingine Singida. Ya nini?

JOAKIMU: Mwamvita na mdomo wake! Ya... harusi. Judith wa shangazi anaolewa.

HILARIA: Judith mlokole? Harusi yake ni soda, kaka. Pombe ya asali kiasi hicho kwetu hupikiwa mzee anayejengewa kilima juu ya kaburi. Mnamjengea nani?

JOAKIMU: Wewe soma tu.

HILARIA: Nisome nini? Silali! Mkisema "wote wazima" nabaki kuwaza nani sijamsikia sauti. Hosteli wananiona nimerukwa akili, na mimi naanza kuamini. Basi niambie, nina wazimu?

JOAKIMU: [mtandao unakwaruza] Huna. Ni Baba. Alitutoka masika yanaanza.

HILARIA: Tangu masika? Na mkanificha?

JOAKIMU: Alitukataza mwenyewe. "Hilaria asiambiwe mpaka amalize mtihani." Tungevunjaje neno lake? Lia, mdogo wangu. Ila mtihani huo—

HILARIA: Ulikuwa jana.

JOAKIMU: Eeh! Umekwendaje?

HILARIA: Sikuingia. Nilikaa kitandani nimeshika simu, nangoja mmoja wenu aseme kweli.

JOAKIMU: Mungu wangu... Hilaria, Mama huyu anakuja. Usimwambie lolote! Hajui kama nimekuambia. Msiba huu na mtihani huo tena, hataweza—

HILARIA: Yaani na mimi nimdanganye—

JOAKIMU: Nakuomba! Mama, ni Hilaria. Fanya haraka, salio lake linakwisha.

MAMA: Hilaria? Mwanangu, mzima?

HILARIA: Shikamoo Mama.

MAMA: Marahaba. Mbona sauti hiyo? Unalia?

HILARIA: Mafua tu, Mama. Mzima kabisa. Nalala vizuri. Mtihani? Nimefanya, umekwenda viz—