Hisa Zilizotuponyoka Baada ya Mama Hewa

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, chumba chetu cha kukazia hukumu mahakamani, kinachokamata mali za wadaiwa wasiolipa, kilimpoteza Mama Hewa kwa kustaafu. Siku tisa baadaye kikapoteza hisa za mdaiwa mmoja. Ukiniuliza mimi, hasara hizo mbili ni moja.

Jina hilo alipewa na madalali wenzake wa mahakama, waliozoea kubeba makochi na friji. Yeye alikamata visivyobebeka: hisa, akaunti, kodi ya pango ambayo mpangaji bado hajailipa. Walimtania kwamba anakamata hewa. Akawaambia kochi hushuka bei likiwa bado kwenye lori.

Hatumsahau yule mkandarasi tuliyemkuta na kiti kimoja cha plastiki sebule nzima, akicheka, akitukaribisha tuchukue tunachokiona. Mama alikikalia kile kiti, akashusha pumzi. "Baba, natoka pale hospitali ulipopaka rangi," akamwambia. "Zile hela unazowadai, watazileta mahakamani." Kicheko kikakatika. Mpishi wake aliyemshtaki kwa mishahara alilipwa yote, na gharama za kesi juu.

Utaratibu wake ulikuwa huo: amri imfikie kwanza anayeshika mali, mdaiwa ajue mwisho. Alipoondoka tu, sisi tukaanza kwa yule mdaiwa mwenye hisa, eti ustaarabu. Tukanywa chai yake, tukakubali kurudi kesho. Tulipofika kwenye kampuni yenye hisa hizo, hisa zilishakuwa za shemeji yake. Mshonaji anayemdai, mwaka wa nne huu anasubiri fidia ya vyerehani vyake, alituuliza kama chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

Limebaki tumaini moja. Mdaiwa huyo ana duka, na mpangaji wake analipa kodi ya mwaka mzima Ijumaa hii mchana. Mama amekubali kurudi miezi mitatu, kwa nusu mshahara, aifuatilie amri ya kuikamata kodi hiyo kwa mpangaji na kutufundisha. Ombi liko kwa wakubwa tangu Jumatatu, tunaambiwa linashughulikiwa.

Mama, asante kwa kila uliyemrudishia haki yake. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na asubuhi zisizo na haraka, hata kama tutakuchelewesha kuzianza.

Nanyi wakubwa: anarudi au harudi? Tupeni jibu kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. "Linashughulikiwa" tutalihesabu kuwa hapana, na mshonaji mtamwambia wenyewe.