Mgeni Halali Zaidi ya Siku Mbili

SUHAILA: Haloo? Ni nani?

MAMA: Mamako. Simu ya Nehemia hii, mlinzi wenu. Yangu imezima.

SUHAILA: Shikamoo mama! Mbona huji—

MAMA: Marahaba. Mtoto analia nini?

SUHAILA: Njaa. Maziwa hayatoki.

MAMA: Yatatokaje bila supu? Nimesimama getini saa nzima na kuku wangu mkononi. Kuku marufuku, ati. Bajaji marufuku. Hata bahari siioni, naisikia tu nyuma ya ukuta!

SUHAILA: Mwachie Nehemia huyo kuku, mama, tafadhali.

MAMA: Nikupikie mchanga? Majirani wamekuletea uji?

SUHAILA: Siwajui, mama. Siku tatu nimezaa, hajagonga mtu.

MAMA: Ya Rabi! Kwetu Ngamiani ungekosa pa kuweka masufuria. Haya, mwambie anifungulie.

SUHAILA: Jina lako limo kwenye orodha ya—

MAMA: Limo. Kanisomea. Tuhfa Hilal, msaidizi wa ndani, geti la nyuma. [mkwaruzo] Suhaila?

SUHAILA: Nakusikia.

MAMA: Mumeo ndiye kaandika hivyo?

SUHAILA: ...Mimi, mama.

MAMA: Wewe!

SUHAILA: Mgeni halali zaidi ya siku mbili huku, ndiyo sheria yao! Anayekaa ni mfanyakazi tu. Nami nakutaka arobaini nzima, mama. Sina mtu.

MAMA: Nikuzae, nikulee, leo nivishwe kitambulisho cha utumishi nije kumwogesha mjukuu wangu!

SUHAILA: Basi nakuja hapo getini mwenyewe, wanione—

MAMA: Thubutu! Mzazi wa siku tatu ukapigwe upepo? Kaa hapo hapo!

SUHAILA: Sasa nifanyeje? Mama, nifanyeje?

[Mtoto analia.]

MAMA: Mpakate. Mweke kifuani, hata kama hayatoki. Nehemia, lete hicho kitambulisho. Kuku naye shika, mtafutie Mwislamu wa kumchinja, uniletee nyama, mfupa usipotee... Suhaila.

SUHAILA: Labeka mama. Nisamehe.

MAMA: Bandika maji ya kukukanda, naja. Ila nakuuliza moja, simu ya watu inakwisha salio. Siku ya arobaini, nikimtoa mtoto nje, natoka naye geti gani?

[Mkwaruzo.]

MAMA: Nakuuliza, geti gani, Suha—

SUHAILA: La mbele! La mbele, mama! ...Haloo? Mama? Haloo?